Mzigo na Miguu

Mwezi wa Juni mwaka jana mjukuu wangu anayesoma chuo Dar es Salaam alikuja kunitazama hapa Mafia. Alishuka kwenye kivuko cha Nyamisati na wenzake watatu, na kila mmoja wao alikuwa na begi mgongoni lililompita kichwa. Nilikuwa nimekaa barazani nikiwaona wanakuja wameinama kama watu wanaotafuta sindano njiani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Umehamia, au umekuja kutembea?”

Akacheka. Akaniambia kuwa wao wanne wamekusudia kutembea kwa miguu kutoka Kilindoni hadi Ras Mkumbi, kule mwisho wa kaskazini ulipo mnara wa taa wa zama za Wajerumani. Safari ni yapata kilomita 50. Wangekwenda kwa siku nne, wakilala kwenye mahema na kupika wenyewe. Nikamuuliza kama hawajasikia kuwa siku hizi kuna magari na pikipiki mpaka Bweni. Akasema wamesikia, lakini siku hizi vijana wengi hufanya safari za namna hii kwa kupenda tu, ili waione nchi yao kwa utulivu.

Mtu wa umri wangu hana budi kutabasamu anaposikia hivyo. Sisi tulitembea kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Lakini tabasamu likanitoka midomoni mjukuu wangu aliposema neno lililofuata: “Babu, wewe ni mwalimu na ulipita jeshini. Tukague.”

Hakujua alichokigusa. Mimi nilikwisha wahi kukagua safari hiyohiyo, ya kwenda mahali hapohapo, na sikuikagua vizuri.

Msomaji, turudi nyuma hadi mwaka 1976. Wakati huo nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu, na kabla ya kupewa darasa nilikuwa nimepita Jeshi la Kujenga Taifa. Nilipangiwa shule ya kijiji kimoja cha katikati ya kisiwa. Wanafunzi wangu wa darasa la saba waliweza kuchora ramani ya Mafia bila kutazama kitabu, lakini wengi wao hawakuwa wamefika Bweni. Nikaona haifai mtoto aujue mwisho wa kisiwa chake kwa penseli tu. Nikachagua wavulana kumi na wawili, tukapanga safari ya miguu ya siku nne, kwenda na kurudi.

Hizo zilikuwa zama ambazo kutembea kulikuwa na heshima yake. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, vijana wa nchi hii walitembea mamia ya kilomita kuliunga mkono, na Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Tuliokuwa wanafunzi wakati ule hatukusahau. Nami nilitaka vijana wangu nao wapate safari ya kusimulia.

Basi niliandika ubaoni orodha ya vitu, kama nilivyofundishwa jeshini: blanketi, sahani, kikombe, kilo mbili za mchele, daftari, na viatu vya kufunika mguu. Mzigo wa shule, yaani sufuria kubwa, turubai na dumu la maji, ungebebwa kwa zamu. Nilikuwa bado naandika, mgongo nimelipa darasa, niliposikia sauti ya upole kutoka nyuma: “Mwalimu, na asiye na viatu?”

Nikajibu bila kugeuka: “Aazime.”

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa mvuvi, kijana mwembamba mwenye akili nyingi na maneno machache. Katika mitihani yetu kwa kawaida alikuwa wa pili. Nyayo zake zilikuwa ngumu kama za watoto wote waliokulia kwenye mawe ya pwani. Angeweza kwenda pekupeku hadi Ras Mkumbi na kurudi asichubuke. Lakini amri ni amri. Akaenda kuazima viatu kwa binamu yake, viatu vigumu vya ngozi vilivyompungukia upana wa kidole gumba, na soksi hakuwa nazo.

Siku ya kwanza alitembea nyuma ya wote. Nilimkemea mara mbili kwamba anatuchelewesha. Zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuwa mlalamikaji, wenzake walimwachia sufuria kubwa kwa zamu mbili mfululizo, nami niliona nikanyamaza. Siku ya pili, tukiwa tumekaribia Kanga, aliketi chini ya mnazi na kukataa kuinuka. Nilipomvua viatu nilikuta kisigino kimoja hakina ngozi, na kile kingine kimevimba na kuanza kutunga usaha.

Turubai lililokuwa liwe hema letu likawa machela. Tulimbeba kwa zamu mpaka tukapata lori la nazi lililomchukua hadi Kilindoni. Hospitalini alilazwa wiki kadhaa, tukiogopa pepopunda. Aliporudi shuleni alikuwa anachechemea, na masomo yamempita. Alifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba pamoja na wenzake. Mwaka ule shule yetu ilipeleka sekondari wanafunzi wawili. Yeye hakuwamo.

Nimejiambia mara nyingi kuwa nafasi zilikuwa chache, kwamba wengi wenye akili walibaki vijijini, kwamba huenda hata angekuwa mzima asingechaguliwa. Yote hayo ni kweli. Lakini nilipoandika taarifa ya safari niliandika hivi: “Mwanafunzi mmoja aliumia mguu.” Sikuandika aliumizwa na nini. Baadaye nilipokuwa mwalimu mkuu, kwa miaka yote hiyo, sikuwahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya viatu. Baadhi ya walimu wenzangu walisema nimelegea. Sikuwaeleza.

Sasa mjukuu wangu ananiambia nimkague. Nikamwambia atandike mkeka barazani, kila mmoja amwage mzigo wake wote juu yake, na tuanze na miguu kabla ya vitu.

Wakavua viatu. Watatu walikuwa na raba za kutembelea walizokwisha zizoea. Wa nne alikuwa na buti mpya nzito, nzuri za kutazama, alizonunua siku tatu kabla ya kusafiri. Nilimwambia kiatu cha safari hununuliwa alasiri, wakati mguu umekwisha vimba kidogo kwa shughuli za mchana, na hujaribiwa na soksi ileile utakayoivaa njiani. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya kupitisha kidole kimoja, na kisigino kisipande na kushuka unapopiga hatua. Kisha kiatu huzoezwa wiki mbili au tatu nyumbani, sokoni na msikitini, kabla hakijapewa mzigo wa safari. Na soksi ya pamba tupu ikilowa jasho hubaki imelowa, na ngozi iliyolowa ndiyo inayotoa malengelenge. Soksi ya sufu nyepesi au ya nailoni iliyochanganywa hukauka upesi. Kijana yule akanisikiliza kwa adabu, lakini niliona macho yake yanazipenda buti zake. Nikamwomba afunge makubadhi nyuma ya begi, kwa ajili ya dharura. Hilo akakubali.

Halafu tukapima. Jirani yangu ana mizani ya kupimia nazi kavu. Begi la mjukuu wangu lilikuwa kilo 19, na yeye mwenyewe hafiki kilo 60. Wazoefu wa safari hizi husema mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji. Kwake yeye ni kilo 12. Siku za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi mingi, na wengi waliachwa njiani. Hata leo wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wamewekewa kikomo cha kilo 20, nao ni watu waliozoea kazi hiyo.

Juu ya mkeka tukafanya mafungu matatu: vitu ambavyo bila hivyo mtu ataumia, vitu ambavyo bila hivyo atakosa raha tu, na vitu alivyovichukua kwa sababu ya hofu. Fungu la tatu ndilo lililokuwa kubwa. Suruali nne kwa siku nne. Tochi tatu. Visu viwili na shoka, kana kwamba wanakwenda kufyeka. Makopo ya nyama na maharage, ambayo sehemu ya uzito wake ni bati. Kila kimoja nilipouliza cha nini, jibu lilianza na “Je, ikitokea.” Mtu hubeba hofu zake mgongoni, naye hudhani anabeba vifaa. Mimi mwaka 1976 nilibeba redio kubwa ya betri sita. Nilihofia nini hata sasa sijui. Labda nilihofia kuwa mwalimu asiye na redio.

Katika fungu la kwanza tuliacha haya. Hema moja la watu wawili kwa kila jozi, si hema kwa kila mtu. Mmoja abebe kitambaa, mwenzake abebe vyuma. Niliwaamuru walisimamishe uani kwangu jioni ile, mara mbili, na mara ya pili gizani, maana hema hujifunzwa nyumbani. Kwa kulalia, mifuko mizito ya baridi waliyoazima kwa mtu aliyepanda Kilimanjaro haikuwa na kazi hapa. Shuka moja, kikoi, na mkeka mwembamba wa kuzuia unyevu vinatosha kabisa katika upepo wa kusi. Hema lenye wavu mzima linatosha kwa mbu. Lisilo nao lazima liwe na chandarua, maana malaria haijui kama umekuja kwa starehe. Koti jepesi la mvua, kofia, tochi moja ya kichwani, kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki, kamba ya usumba, sindano na uzi. Mkoba wa dawa wenye plasta, bendeji, dawa ya vidonda, na paketi za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi hufanya kazi hiyo.

Chakula tukakibadili. Makopo yakabaki kwangu, nami nimeyala bila majuto. Wakachukua mchele, dagaa wakavu, tende, korosho na kashata: vitu vyepesi, visivyooza upesi, vyenye nguvu. Jiko dogo moja na sufuria moja kwa watu wote.

Maji ndiyo mzigo usiopunguzwa. Lita moja ni kilo moja, na katika joto letu mtu anayetembea na mzigo huhitaji lita tatu au nne kwa siku. Habebi zote kwa pamoja. Hubeba lita mbili na kujua kisima kinachofuata kiko wapi. Baadhi ya visima vyetu maji yake yana chumvi, na vyote ni vya kuchemsha au kutia vidonge kabla ya kunywa. Nikawaambia pia kwamba dafu lina mwenyewe. Kila mnazi wa Mafia, hata uliosimama peke yake porini, una mtu anayeujua. Mtu abishe hodi, aombe, alipe.

Jambo jingine nililolisisitiza ni mahali pa kulala. Kisiwa chetu hakina simba wala chui, na wageni wakisikia hivyo hulegea. Lakini tunao viboko katika mabwawa ya ndani, nao hutoka usiku kwenda kula majani. Hema halisimamishwi kando ya bwawa wala juu ya njia iliyolainishwa na miguu mizito. Kila kijiji watakachofika waende kwanza kwa mwenyekiti, wajitambulishe, waulize walale wapi. Mgeni aliyepiga hodi ana kijiji kizima cha kumlinda.

Mwisho nikawafundisha kufunga begi: shuka chini kabisa, vitu vizito katikati vikigusa mgongo, vyepesi juu na nje, maji na dawa mahali mkono unapofika. Mkanda wa kiunoni ukazwe kwanza, ndipo ya mabegani, ili mzigo ukae nyongani na mabega yaongoze tu. Wazee wetu waliobeba mizegazega walijua siri hiyohiyo: mzigo uliogawanywa sawa pande mbili humwacha mtu aende kwa mwendo wake. Tukapima tena. Kilo 12 na nusu. Nikawapa begi hizo wazunguke nazo kijiji kwa saa mbili kabla ya kuondoka. Watoto wa jirani waliwafuata wakiimba, jambo ambalo pia ni zoezi.

Asubuhi ya kuondoka nilimwita kila mmoja peke yake. Nilimuuliza kitu kimoja tu: “Kuna chochote kinachokuuma au kinachokupungukia ambacho unaona haya kusema mbele ya wenzako?” Kijana mwenye buti akakiri kuwa buti zimeanza kumbana kidole. Akavaa makubadhi tangu Kilindoni hadi Baleni, na buti zikapanda mgongoni. Zilikuwa mzigo wa ziada wa kilo moja na nusu, lakini ni heri kiatu kipande mgongoni kuliko mtu kupanda machela.

Siku ya nne nilipanda bodaboda kwenda Bweni kuwapokea. Vijana hawakujua kuwa nilikuwa na safari yangu mwenyewe. Yule mwanafunzi wangu wa mwaka 1976 alihamia huko zamani, akaoa, akawa nahodha. Tumewahi kukutana mara kadhaa Kilindoni, tukasalimiana kwa heshima, tukaulizana afya za watoto, tukaagana. Karibu miaka 50, wala sijawahi kulitaja.

Nilimkuta kivulini akishona nyavu, nywele zimeingia mvi. Akainuka kunipokea, na nikaona bado anaukanyaga mguu wa kushoto kwa upande. Tulipokwisha kunywa maji nikamwambia: “Nimekuja kwa ajili ya vile viatu.”

Hakujifanya kutojua ni viatu gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, viatu vilikuwa vya binamu, navyo vilibana, basi. Vidonda vilipona. Lakini nilikuuliza swali, nawe hukugeuka.”

Nikamwambia kweli sikugeuka. Nikamwomba radhi. Nikamwambia na lile la taarifa niliyoiandika, na lile la sufuria, na jinsi nilivyomkemea. Akasema, “Nimekusamehe, mwalimu, na Mungu atusamehe sote.” Hakuniambia kuwa haidhuru. Ningefurahi kama angesema, lakini asingekuwa mkweli, naye tangu utotoni alikuwa mkweli.

Alasiri vijana wakatokea kwenye njia ya minazi, wamechoka, wamejaa vumbi, wanacheka. Walikuwa wamefika mnarani na kurudi. Mjukuu wangu alikuwa na lengelenge moja dogo kwenye kidole, alilolifunika kwa plasta mara tu alipohisi joto, kama nilivyomfundisha. Nahodha akamkalisha kwenye gogo, akaagiza maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akamwosha mguu kwa mikono yake. Akanyanyua begi lake kwa mkono mmoja kulipima.

“Huu mzigo umefungwa na mtu anayejua,” akasema.

“Babu ndiye aliyetukagua,” akajibu mjukuu wangu kwa majivuno.

Yule nahodha akanitazama, akatabasamu, asiseme neno. Kisha akamgeukia kijana mwenye buti na kumuuliza: “Na wewe, mwanangu, hakuna kinachokubana?”

Msomaji unayetaka kuanza safari za namna hii, vitu vya kununua utaonyeshwa dukani, na wenye duka hawatachoka kukuonyesha. Mimi ninayo nasaha moja tu ya kuongeza. Ukienda peke yako, anza na miguu yako, halafu maji, halafu usingizi, na vingine vyote viulize vina kazi gani. Ukienda na wenzako, pima safari kwa yule mwenye kiatu kibovu na sauti ndogo kuliko wote. Akikuuliza swali, acha unachoandika, ugeuke.